Debe la Utupu

Tangu nina meno ya utoto
Fodi ya baba, ya mwaka sabini na nane, rangi ya maharage,
hupuliza ubaridi wake kwenye kioo cha mbele tu,
kana kwamba Julai ya Bernalillo
ina theluji ya kuyeyusha.
Unasogeza kishikio: usoni.
Hewa inakwenda kiooni.
Unasogeza: miguuni.
Kiooni.
"Imekufa," baba alisema, akashusha dirisha.
Tukala vumbi miaka thelathini.

Leo nimeinua boneti.
Gari la enzi hizi halina waya wa kuamrisha milango ya hewa.
Injini inavuta pumzi, na kwa pumzi hiyohiyo
inavuta mirija myembamba kama tambi,
mirija inavuta viwambo vya mpira,
viwambo vinavuta milango, huko gizani nyuma ya dashibodi.
Kazi yote inafanywa na kitu ambacho hakipo.
Jaribu kumweleza mtu hivyo, akuelewe.

Na kuna debe. Limefungwa kando ya betri,
halina mafuta, halina maji, lina utupu tu,
akiba ya kupandia mlima,
pale injini inapolemewa na kukosa pumzi ya kugawa.
Debe tupu haliachi kuvuma, wanasema.
Hili likivuma, ujue limetoboka.
Uzima wake ni kimya.

Lilikuwa linavuma. Sss,
kama mtu anayefyonza jino baada ya nyama.
Nikabana mrija wa kwanza kwa koleo: sss.
Wa pili: sss.
Nikabana karibu na vali ndogo, ile inayopitisha upande mmoja,
kimya.
Plastiki yake ilikuwa na ufa, unywele wa mtoto mchanga.
Dola sita dukani kwa Tafoya,
na soga ndefu ya mvua isiyokuja.

Nikawasha. Hakuna sss. Raha.
Nikasogeza kishikio: usoni.
Kiooni.

Hapo ndipo nikalala chali chini ya dashibodi,
miguu nje ya mlango, tochi mdomoni,
nikipapasa mrija mwekundu
hadi nyuma ya kisanduku cha glavu,
pale ulipopaswa kuingia kwenye kiwambo,
na haukuingia.
Ulikuwa umezibwa.
Kigingi cha gofu, cheupe,
kimeviringishwa utepe mweusi mizunguko saba,
utepe uliokatwa kwa meno.
Baba hajacheza gofu maishani mwake.
Alikuwa akikata nyasi za wanaocheza.

Nikakiweka mezani jikoni, kando ya kahawa yake.
Akakitazama kama mtu aliyekutana na mdai wa zamani.
"Mama yako," akasema. "Mwaka ule wa nimonia.
Baridi ikimgusa kifuani, alikuwa hakohoi, anapasuka.
Sasa, nani angemwambia Ermelinda azime kiyoyozi kwa ajili yake?
Angekiacha, nyie watoto msione joto.
Bora kiharibike."
Akakichukua kigingi, akakitia mfuko wa shati.
Kahawa hakuimaliza.

Na mimi, miaka yote hiyo,
nikiilaumu Fodi.

Jua lilipopungua makali tukatoka kwenda kuijaribu,
baba upande wa abiria, mahali pa mama.
La Bajada ikainuka mbele yetu, nikakanyaga.
Injini ikaguna, ikalemewa,
na debe likatoa akiba yake bila neno:
ubaridi haukukimbilia kioo.
Ulibaki palepale, usoni pangu,
na kifuani pa baba.

Katikati ya mlima akanyoosha kidole,
akalaza vipande vya tundu la hewa lililomwelekea,
kimoja, kimoja,
mpaka likafunga.